Tanzia ya Velika Getini

Kwetu mtu akifa, karatasi ya tanzia yenye picha yake hubandikwa kwenye geti la nyumba aliyozaliwa, na hapo hukaa mpaka mvua yenyewe imchoke. Velika, shoga yangu, alizaliwa nyumba ileile aliyozaliwa mdogo wake mwandishi. Mdogo wake akaenda Sofia, mji mkuu, akaandika vitabu. Velika akabaki: akawauguza wazazi, akapaka kuta chokaa, akaziba paa, mpaka mwandishi alipokufa na nyumba ikafanywa makumbusho. Yeye akahamishiwa chumba cha nyuma ya kanisa. Hakunung'unika.

Juzi tumemzika. Nikakoroga gundi ya unga, nikambandika getini, chini ya sanamu ya shaba ya uso wa mdogo wake. Asubuhi geti tupu.

Nikamfuata Snezhina, msimamizi wa makumbusho, ambaye namjua tangu anatambaa.

"Umemng'oa Velika?"

"Bibi Rada, usikasirike. Wageni wanapiga picha pale. Geti linatakiwa liwe kama mwandishi alivyoliona utotoni."

"Utotoni alikuwa mgongoni kwa Velika! Alikiona kisogo cha dada yake zaidi kuliko hilo geti lenu."

"Basi kabandike kwenye nguzo ya umeme."

"Nguzoni hubandikwa mbuzi aliyepotea."

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Bibi yako yupo getini kwenu mwaka wa tatu huu," nikamwambia, "jua limemla hata pua. Mbona yeye hujamtoa?"

"Ile ni nyumba yetu. Hii ni ya taifa."

"Na taifa lilikuwa wapi paa likivuja?"

Nikamwambia anipe karatasi yangu. Akaitoa kwenye kapu la taka, imekunjwa katikati ya uso.

Mimi ni mtu wa subira. Nimezika mume na wana wawili bila kumpigia mtu kelele. Lakini pale subira iliniisha. Kwenye taka! Velika!

Nikainyoosha juu ya goti, nikaibandika palepale getini, nikaomba kiti kwa jirani, nikakaa. Basi la wageni likaja. Mama mmoja akaniomba nisogee apige picha.

"Sisogei, mwanangu. Tupige wote."

"Na huyu kwenye karatasi ni nani?"

"Mwenye nyumba."

Jioni Snezhina alifunga geti, akatupita mimi na Velika ameinamisha kichwa. Hakuigusa karatasi. Simwamini bado. Kesho nitawahi kabla hajafungua.