Kivuli Juu ya Chaza

Pwich!

Sauti ilitoka sebuleni, ya maji kurushwa juu na kuangukia kioo, kisha kimya. Mke wa fundi friji, kitandani chumbani, aliinua kichwa kwenye mto. Hakuhitaji kuona. Chaza wake amejifunga tena.

"Baba mtarajiwa!" aliita. "Mkono wako uko wapi?"

"Mfukoni!"

"Mfuko gani huo unaodondosha maji?"

Mumewe akatokea mlangoni, shati limelowa hadi kiwikoni.

Tangu daktari amwamuru mke alale tu mpaka ajifungue, tangi la maji ya chumvi lilikuwa mikononi mwa mume. Pampu na taa hazikumsumbua, ni mtu wa mitambo. Kilichomtoa jasho ni chaza. Alikuwa mkubwa kuliko sahani, nyama yake buluu yenye madoa ya kijani, na mke alimlea tangu usichana wake, enzi hizo anaenea kiganjani. Chaza huyo chakula chake ni mwanga. Hujiachia wazi chini ya taa akashiba, ila kivuli kikimpitia, hujifunga. Na mume, kila akipita, alimpungia mkono juu ya maji aone kama yu hai. Akitoka, akirudi, akienda jikoni, akisahau alichofuata jikoni.

"Amepauka kingoni," mume alisema. "Anafunguka nusu tu. Ngoja nimng'oe pale kwenye jiwe, nimtazame chini."

"Thubutu! Ukimng'oa unamchana mguu anaojishikizia jiweni, umemuua. Haumwi huyo, ana njaa! Unamfumba mchana kutwa, halafu unashangaa amepauka?"

"Nilikuwa namwangalia tu."

"Kama unavyoniangalia mimi. 'Mtoto anacheza? Anacheza?' Hata nikiwa chooni unagonga mlango."

Alitegemea mumewe acheke. Mume alizungusha bisibisi vidoleni, macho sakafuni.

"Yule mtoto wa kwanza alinyamaza tumboni," alisema, "tukadhani amelala."

Mke akavuta shuka, akaiachia, akaivuta tena.

"Sogeza kitanda," alisema. "Mpaka mlangoni. Nataka nimwone mwenyewe."

Kitanda kilisukumwa kikilalamika, kikakwaruza kabati, hakuna aliyejali. Sasa tangi lote lilikuwa mbele yake.

"Kaa chini hapa, kivuli chako kisimfikie. Na hicho kisigino kitulize, si ngoma."

Mume akakaa. Kisigino kikaendelea. Akainuka, akavutwa shati, akakaa tena, mikono ameibana magotini kama wezi wawili aliowakamata mwenyewe.

Chaza alifunguka upana wa ukucha, akasita. Akafunguka tena. Taratibu nyama ya buluu ikamwagika nje ya ganda, kingo zake nyeupe kweli.

"Atapona?"

"Ukimwacha ale. Huenda."

Kitu kikamsukuma mke ubavuni kutoka ndani. Akauchukua ule mkono wa mumewe uliolowa, wa baridi, akauweka pale pale. Mume akasahau kupumua. Kisigino nacho kikasimama.

"Sasa nenda kazini," mke alisema. "Wote wawili nawatazama mimi. Akicheza nitakupigia. Akinyamaza nitakupigia. Hata uwe umeingiza kichwa ndani ya friji la watu, nitakupigia, sitakuficha."