Ubaki au Uchomwe

Mnamkumbuka yule mama aliyeimba redioni wiki ya kimbunga. Msiniambie hamumkumbuki, sauti yake bado imo kwenye simu zenu, na wengine mmeifanya mlio wa kuamkia asubuhi. Mnachokumbuka nyie ni kicheko. Mimi nakumbuka kwamba alipiga simu kumtafuta mwanawe, na mwanawe alikuwa mle mle studio, nyuma ya kioo, akimsikia.

Mwanawe ndiye mpokea simu wa kile kipindi cha asubuhi cha kuchoma nyimbo. Mnakijua. Mtu anapiga namba ya bure, anatoa maoni yake, anasema wimbo ubaki au uchomwe. Ukichomwa, mtangazaji, huyo mnayemwita Kiberiti, anapiga mlio wa njiti na mlio wa moto, na wimbo haupigwi tena hapo redioni mwezi mzima. Namba yenyewe wanaiimba kabla ya kila simu kwa sauti ya kitoto, inakuganda kichwani kama kupe.

Mama aliichukia namba ile kuliko dhambi. Alikuwa mwalimu wa muziki, amestaafu, na kizazi kizima cha wanafunzi kilimwita Mama Pumzi kwa sababu alipita nyuma ya kila mwimbaji akimgonga mgongoni: "Pumzi! Pumzi iko wapi?" Kila mara binti yake alipompigia, maneno yalikuwa yale yale.

"Bado mnaimba ile namba ya vifaranga?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Kazi! Mtu anaimba kwa pua, nyie mnampigia kura. Nimeshaikariri kwa lazima, utanizika nayo."

Wakacheka wote wawili. Walipendana kwa kubishana hivyo, kila mmoja na nyimbo zake.

Jumatatu kimbunga kikalipiga jiji analoishi mama. Kesho yake jirani wa mama alifanikiwa kumpigia binti simu mara moja tu. Maji yameingia ndani, alisema, watu wa mtaa wamepakiwa kwenye malori, kila lori na njia yake, wanakwenda kushushwa popote palipoinuka. "Mama yako nilimwona anapanda, na mkoba wake. Lori lilikoelekea, mwanangu, sikudanganyi, sijui." Simu ya jirani nayo ikafa.

Laini zote za jiji lile zilikufa, isipokuwa moja. Namba ya kipindi cha kuchoma nyimbo ilikuwa inapita. Kampuni ya simu inayodhamini kipindi ilikuwa imeifungia mitambo yake maalumu, ikailinda kuliko namba ya zimamoto na namba ya hospitali. Mtu aliyekwama juu ya mti hakuweza kuita mashua, lakini aliweza kusema anampenda mwimbaji gani. Hili nimelisema kwenye mikutano ya chama chetu cha wafanyakazi mpaka nimekauka koo, na kila mara yuko mtu wa mbele anayeangalia saa.

Kwa hiyo Jumatano binti alikwenda kazini. Kama kuna uzi mmoja uliobaki kati yake na mama yake, uzi wenyewe ulikuwa unaishia kwenye meza yake. Alichotaka ni jambo moja: ajue mama yuko wapi, awaambie waokoaji wenye mashua. Basi.

Wimbo wa wiki hiyo ulikuwa "Nizamishe Taratibu" wa kijana anayejiita Sukari Guru, na Kiberiti aliona bahati imemdondokea mapajani. Je, ni haki kupiga wimbo wa kuzama huku jiji zima limezama? Nchi ikawaka. Fundi wa gereji akapiga, spana zinagongana nyuma yake: "Wimbo una kosa gani, bwana? Wazo ni la mapenzi. Mtu azamishwe na mpenzi wake, upepo unahusika wapi?" Dada mmoja wa saluni akasema Sukari Guru ni mzuri wa sura tu, sauti yake kama mlango wa choo. Mwalimu akasema vijana wa leo hawana maadili. Mwingine akasema mwalimu huyo ana wivu. Watu waliobishana vile, na hasira zote zile, hakuna hata mmoja aliyeuliza mashua zimefika ngapi.

Mwongozaji wa kipindi, wanayemwita Madamu, alisimama nyuma ya kiti cha mpokea simu. "Hawa wa saluni wametosha," alisema. "Nitafutie mtu aliye ndani ya maji. Mtu anayelowa. Huyo ndiye ataamua."

"Mama yangu yuko kule, Madamu."

"Ndiyo maana nakuamini wewe. Wenzako wasingekuwa makini."

Taa ya simu ikawaka. Binti akashika simu.

"Halo, redio? Samahani jamani, namtafuta binti yangu, anapokea simu hapo hapo kwenu—"

"Mama!"

Hakupata neno la pili. Mkono wa Madamu ulipita juu ya bega lake ukabonyeza kitufe, laini ikahamia kwa Kiberiti. Sasa binti alibaki na hedifoni masikioni: anasikia kila kitu, hasikiki na mtu. Mlango wa studio, taa nyekundu ikiwaka, hujifunga kwa ndani.

"Halo halo, uko hewani na Kiberiti! Nani mwenzangu?"

"Hewani? Mimi niko juu ya bati, baba. Nilikuwa naongea na mwanangu sasa hivi."

Kiberiti akapiga meza kwa kicheko. "Wasikilizaji, mmesikia? Sisi tuko hewani, mama yuko juu ya bati! Pole, mama yangu, pole sana. Mwanao yupo, namwona, anakupungia mkono."

Binti alikuwa anapiga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Nipe niongee naye basi. Simu yenyewe ya kuazima, na chaji inakata."

"Utaongea naye, neno la Kiberiti hilo. Ila nchi nzima inakusubiri wewe. Nizamishe Taratibu: ubaki au uchomwe?"

Upepo ukasikika, na mtoto akilia mbali kidogo na simu.

"Baba," mama akasema, "umekula leo?"

"Nimekunywa chai, mama, na mayai."

"Ndiyo maana una nguvu za kuuliza upuuzi."

Hapo ndipo mlipocheka. Nilikuwa kwenye foleni ya benki, na foleni nzima ilicheka, mpaka mlinzi. Mama yule alifundisha watoto wa watu miaka mingi, akijua kwamba ukikutana na mtoto mtundu mwenye kitu chako mkononi, mfanyie anachotaka haraka akurudishie. Akasafisha koo.

"Haya. Uchomwe. Na si kwa ajili ya mafuriko, maji hayajui nyimbo. Uchomwe kwa sababu huyo kijana hana pumzi. Anakata neno katikati kama mtu anayemeza kidonge. Halafu kiitikio kinapanda mahali kinapotakiwa kutulia. Ukimwomba mtu akuzamishe taratibu, humpigii kelele."

"Hebu kiimbe wewe, mama, tukisikie kinavyotakiwa!"

"Nikiimba unanipa mwanangu?"

"Hapo hapo."

Akaimba. Mwanamke mzima, mwenye haya zake, aliyelowa, akaimba wimbo anaoudharau ili apewe mtoto wake. Akautuliza pale alipotaka utulie. Pumzi yake haikukatika. Waliokuwa naye juu ya bati wakamwitikia, watu kama kumi, labda zaidi. Mimi simpendi Sukari Guru, lakini nasema bila aibu kwamba ule wimbo ulikuwa mzuri asubuhi ile, na ndilo jambo linaloniudhi zaidi.

Alipomaliza hakungoja ruhusa ya mtu. "Mwanangu, kama unanisikia, mimi mzima. Mguu tu umechanwa na bati. Tuko juu ya paa la—"

Madamu alikuwa na machozi machoni. Aliona huo ndio wakati wenyewe, wakati wa kumtoa msikilizaji roho, akapandisha muziki. Sukari Guru akaingia na kelele zake zote, nizamishe, nizamishe, na sauti ya mama ikazama chini yake. Alipojitokeza tena alikuwa ameshafika mwisho: "—waambie waje na kamba."

Binti alikuwa ameandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo: MUULIZE YUKO WAPI. Kiberiti akaisoma. Akatikisa kichwa kukubali, akamwonyesha kidole gumba.

"Mama, usikate! Nina swali moja tu la mwisho, na mwanao ndiye analileta. Tunarudi baada ya tangazo."

Tangazo lilikuwa la ile kampuni ya simu. *Popote ulipo, tupo nawe.* Lilipokwisha, laini ilikuwa imekufa.

"Tumempoteza mama yetu," Kiberiti akawaambia, "mnajua wenyewe mitandao ya kule." Simu zikamiminika. Maamuzi ya wananchi: ubaki, ila uimbwe na yule mama.

Taa nyekundu ilipozimika binti akaingia studio.

"Ungemuuliza tu. Maneno mawili."

Kiberiti akavua hedifoni. Alikuwa amelia kweli, hilo simnyimi. "Dada yangu, lile lilikuwa jambo kubwa. Nchi nzima imelia na wewe."

"Nchi nzima haiko juu ya bati."

"Ningemuuliza! Si nilisema baada ya tangazo? Redio ina mpangilio wake, dada. Usinifanye mtu mbaya."

Fundi mitambo alijaribu, na alijaribu kwa moyo. Lakini kilichohifadhiwa ni kile kilichotoka hewani, mama na muziki vimeshakorogwa pamoja. "Siwezi kumtoa mmoja nikamwacha mwingine," alimwambia, akitazama viatu vyake. Binti akasikiliza. Paa la, halafu Sukari Guru. Akapunguza kasi, akaziba sikio moja, akasikiliza tena. Mara anasikia shule. Mara kiwanda. Mara anasikia anachotaka kusikia. Akawapa waokoaji shule, wakaenda, wakakuta paa halina mtu. Akawapa kiwanda. Mkuu wao, mtu aliyechoka, akamjibu: "Dada, jiji zima sasa hivi ni mapaa. Nipe jina moja la uhakika." Jina la uhakika lilikuwepo. Lilisemwa wazi, na mwalimu anayejua kutamka.

Njia ilipofunguka alikwenda mwenyewe. Alizunguka makambi, alifunua maturubai ambayo mtoto hatakiwi kufunua akimtafuta mama yake. Hakumkuta kwa walio hai, hakumkuta kwa waliolala. Kila alipojieleza, nyuso ziling'aa. "Ahaa, yule wa *umekula leo*? Tulicheka sana, dada! Katika shida yote ile!" Mwanamke mmoja mwenye blanketi la msaada alimwomba aimbe kidogo, kama mama yake.

Aliporudi, Sukari Guru alikuwa ametoa Nizamishe upya. Unaanza na upepo, halafu sauti ya mama: *mwanangu, kama unanisikia*. Halafu muziki unaingia pale pale ulipoingia siku ile. Ukashika namba moja, hakuna aliyethubutu kuuchoma. Redio nayo ikaacha kuiimba namba yake kwa ile sauti ya vifaranga, ikaweka sauti hiyo ya mama badala yake, kabla ya kila simu.

"Naacha kazi," binti akamwambia Madamu.

Madamu hakupandisha sauti. Alimshika mkono. "Sawa, mpenzi, nani atakulaumu? Ila jiulize kitu kimoja. Mama yako anajua namba gani nyingine kwa kichwa?"

Binti akarudi kwenye kiti. Wakamwongezea zamu za Jumamosi na Jumapili, wakijua hatakataa. Wafanyakazi wa redio ile walipogoma kudai haki zao, yeye peke yake alipita getini kuingia, na wenzake wakamzomea, wakamwita kibaraka. Viongozi wa mgomo walitaka nimwandike vibaya kwenye karatasi zetu za chama. Sikumwandika.

Yupo mpaka leo. Kanuni inamtaka amuulize mpigaji jina na wimbo tu, lakini yeye huanza na swali lake, na Madamu alipogundua hakumkataza. Wasikilizaji walilipenda. Taa inawaka, sauti ya mama inaita mpaka mwisho, binti anashika simu na kuuliza:

"Uko wapi?"

Na nyie, mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi ya Mungu, mnajibu kwa kelele:

"Niko juu ya bati!"

Mnacheka, mnataja wimbo wenu. Anawaacha mmalize kucheka, anaandika wimbo, anashika simu inayofuata.