Mshahara wa Nahodha

Timu ya mpira wa kikapu ya Rooty Hill haikumlipa mtu hata senti, ila kila mchezaji alikuwa na mshahara. Ulikuwa mshahara wa alama tu, kuanzia moja hadi kumi, na jumla ya timu haikuruhusiwa kuvuka kikomo, ili mtu mmoja asijikusanyie warefu wote wa Sydney. Utaratibu huo aliuleta Kipchumba mwenyewe, nahodha na mwanzilishi wa ligi, enzi zile goti lake lilipokuwa bado linamtii. Alipogawa alama alijipa kumi. Nani angembishia? Na tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa.

Mwaka 2016, msimu ulipokwisha, Kubwimana wa timu ya Macquarie Fields alipata kazi ya kutunza wazee karibu na Rooty Hill, akataka kuchezea huku. Kijana huyo akinyoosha mkono, utadhani anataka kubadilisha taa ya ukumbini. Mshahara wake ulikuwa saba, na Rooty Hill walishafika kikomo.

Basi Jumamosi moja Kipchumba akamwalika Méthode, nahodha wa Macquarie Fields, kula nyama nyuma ya nyumba yake. Walipokwisha kusali na kuketi, akatoa pendekezo lake kwa sauti ya waziri wa fedha.

"Sisi tunawapa Mwiti. Naye ni saba. Akitoka, Kubwimana anaingia, hesabu inakaa sawa."

Mwiti alikuwa palepale akigeuza nyama. Aliishi jirani na stesheni ya Rooty Hill, na Macquarie Fields ilikuwa mwendo wa kubadilisha treni. Lakini Kipchumba ndiye aliyempokea uwanja wa ndege alipokuja kusomea uuguzi, akamlaza sebuleni kwake mpaka akapata chumba. Mtu kama huyo humwambii hapana. Akaendelea kugeuza kipande kilichokwisha kuiva zamani.

Méthode hakuwa na mzigo huo. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akajifunza kwa Watanzania kwamba mtani husema yote, na anayenuna ndiye mwenye aibu. Alijitangaza mtani wa Kipchumba siku alipomnyang'anya kofia mlangoni pa kanisa. Kipchumba alicheka, kwa hiyo alikubali.

"Mon frère, ndugu yangu," alisema, "unatafuta nafasi, na nafasi umeikalia? Hiyo kumi yako ni ya nini? Msimu mzima umeruka mara moja, na ni kwa sababu ya nyuki."

Cherotich, mke wa Kipchumba, alicheka mpaka akaweka sinia chini.

"Shusha mshahara wako," Méthode akaendelea. "Manahodha wawili wakikubaliana, imetosha, sheria ni yako mwenyewe. Ukiwa tatu, Kubwimana anaingia na hakuna anayehama."

Iliuma. Kipchumba alitafuta hasira akakosa pa kuiweka, maana mtani hanuniwi. Akamtazama Mwiti. Mwiti hakuinua uso, na Kipchumba akaona haya kwa ukimya ule, kwani yeye ndiye aliyeuleta.

"Haya, nitakubali saba," akasema.

"Tatu."

"Sita. Mchezo naujua, bwana!"

"Wewe unaujua. Goti ndilo lililousahau."

"Tano basi, tusiharibu urafiki."

"Baba Jepchumba," Cherotich akadakia, "si juzi ulipanda ngazi za stesheni ukaomba maji katikati?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Tatu," Kipchumba akasema, kwa sauti ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia.

Méthode akapiga makofi. "Voilà! Sasa kwa bei hiyo namtaka mimi. Kapteni mwenye akili, alama tatu tu! Chukueni Kubwimana, chukueni na mwingine mnayempenda, mnipe mzee huyu leo hii."

Kila mtu alicheka isipokuwa Kipchumba. Utani au si utani, sasa aliweza kuuzwa kweli, na hesabu ingekaa sawa.

Mwiti akaweka koleo chini.

"Huyu hauzwi," alisema, na hakuwa akitania.