Upande wa Pili wa Kanda

Albamu moja ndiyo iliyomfunga Bi Ghadeer. Aliitoa ujanani kwenye kanda, nyimbo za gitaa za mtindo wa kantri, za mashamba ya karafuu na mapenzi ya mbali. Tangu hapo, kila harusi ya Wazanzibari wa Maskati huitwa aimbe zilezile, kama kasuku tunduni.

Safari hii, harusini mtaa wa Ansab, alikuja na wimbo mpya, alioutaka usikike kabla sauti haijamkimbia. Alipoutaja tu, ukumbi mzima wa wanawake ukamzomea.

"Wa zamani, bibi! Huo mpya kawaimbie paka wako!"

Akautazama mlango. Umefungwa, na shoga yake Masouda kauziba kwa kiti na mwili wake wote. Pa kutokea hapana. Ndipo akaliona kapu la simu zilizokusanywa pale mlangoni, bibi harusi asije akapigwa picha. Akatabasamu. Nani atapekua mtandaoni?

"Haya, nnawaimbia wa zamani. Ulikuwa upande wa pili wa kanda. Au hamkuigeuza?"

Nani akiri kwamba hakuigeuza? Akauimba ule mpya. Kufika ubeti wa pili, watu wanafuta machozi.

"Wallahi, huu nikimbembelezea mwanangu Thani!" akadakia Masouda.

Vigelegele vikamwagika. Ghadeer akajiona yu huru, mpaka Masouda alipomshika mkono.

"Harusi ijayo utuimbie huuhuu. Ulikuwa na kipaji, shoga! Mbona siku hizi hutungi tena?"