Mstari Mmoja wa Chanzo cha Kifo

Saa tatu asubuhi mpasuaji wa maabara ya mifugo alimlaza mezani kuku mfu wa shangazi yake, akampasua. Ini lilikuwa limejaa uvimbe mweupe kama vifungo vya shati. Mshipa wa fahamu wa paja la kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia mara tatu.

Shangazi alikaa kwenye benchi, pochi magotini. Kuku wake arobaini walikuwa wamekufa, na chama cha wafugaji kilishatamka: ikionekana hakuwachanja, banda linafungwa.

"Niliwachanja, mwanangu. Wangali vifaranga vya siku moja."

"Najua, shangazi."

Kuku akainuka, akakunja mbawa kufunika tumbo lililo wazi.

"Tulichanjwa," alisema. "Kirusi cha uvimbe tulikiokota bandani. Lakini kuna cha pili kilichotangulia, kikavunja kinga ya mwili, hata hiki cha uvimbe kikapata nafasi ya kujijengea kitakavyo. Hicho kiliingia na chanjo yenyewe."

Mpasuaji akakipima kichupa cha chanjo alichokuja nacho shangazi. Kirusi cha pili kilikuwamo. Akapeleka majibu kwa mkuu wa maabara.

"Fomu ina mstari mmoja wa chanzo cha kifo," alisema mkuu.

"Virusi ni viwili, mzee. Hata kuku kasema."

"Kuku haongezi mistari kwenye fomu. Na chanjo imegawiwa na ofisi hii. Unataka tujivue nguo sokoni?"

Mkuu akaandika mwenyewe: ugonjwa wa uvimbe. Pembeni akaongeza: mfugaji hakuchanja.

Banda lilifungwa siku iliyofuata. Kuku yule alikataa kuzikwa kabla hajaandikwa sawasawa, akatua juu ya kabati la mafaili. Wenzake thelathini na tisa walifika kufikia Ijumaa, wakajipanga kwenye korido. Mfagizi aliwatandikia magazeti. "Wageni wengine hawaombi hata chai," alisema, akaendelea kupiga deki.

Shangazi sasa huja kila alasiri, hukaa katikati yao, huwaita mmoja mmoja. Mpasuaji humletea kiti. Kila siku hujaza fomu upya, virusi viwili kwenye mstari mmoja, herufi ndogo ndogo. Kila siku hurudishiwa.

Jumatatu mgawaji alitoka stoo amebeba boksi la chanjo zile zile.

"Hodi jamani, nipisheni."

Kuku walikuwa wamelelewa vizuri. Wakasogea.