Diski za Wakunga

Kila asubuhi, kabla Mama Mdogo hajapandisha shata, ule mlango wa chuma wa duka, mimi huwa nimeshakaa kwenye meza ya nyuma nikisafisha vinasa sauti. Nachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, naondoa ukungu wa kijani unaoachwa na betri zilizosahauliwa, kisha natia grisi kiasi cha kichwa cha sindano kwenye reli ambayo lenzi hutembelea. Ni mashine ndogo za kuenea kiganjani, za kutumia minidiski, zile diski zinazoishi ndani ya kijumba cha plastiki kama konokono. Watu hutuletea diski zao za harusi, mahubiri na sauti za marehemu, nami nazipiga moja moja, waya ukitoka kwenye mashine kuingia kwenye kompyuta, mpaka ziwe mafaili. Kwa mashine hizi hakuna njia ya mkato. Diski ya saa moja hula saa moja. Kazi inanifaa, maana watu wote huongea isipokuwa mimi.

Siku moja, sijamaliza hata mashine ya kwanza, shata ikagongwa.

"Bado hatujafungua!" Mama Mdogo akapaza sauti kutoka stoo.

"Mimi si mtu wa kusubiri nje, mama," ikajibu sauti ya mwanamume, nzito na tamu, na kijiti cha pamba kikaniponyoka.

Sauti ile aliijua kila mtu mwenye redio. Ndiyo maana walimwita Asali. Nyumbani kwetu, kipindi chake kilipoanza, Mama aliinuka, akazima redio, akarudi kukata vitunguu. Nilikuwa mkubwa kiasi ndipo Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, aliponieleza kwa nini.

Zamani Mama alifanya kazi redioni. Yeye ndiye aliyebuni kipindi cha wakunga, wale bibi waliozalisha watoto majumbani kabla zahanati hazijafika. Alikwenda kwao na kinasa sauti mkobani, akakaa nao mkekani, akawauliza mambo ambayo wanawake hawamwambii kila mtu. Asali alikuwa mkubwa wake wa kazi. Diski zilipofika ofisini, alijifungia nazo, akakata kila swali la Mama, kisha akayauliza yeye maswali yaleyale studio kwa ile sauti yake. Kipindi kikapata tuzo. Jukwaani akamshukuru "dada aliyenibebea mkoba," na ukumbi ukacheka. Mama alipolalamika, akaambiwa alete ushahidi. Ushahidi ulikuwa umefutwa. Akaacha kazi, na tangu siku hiyo huwa anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Sasa Asali alikuwa amesimama mbele yangu, mvi kichwani, kiboksi cha diski mkononi. Hakunijua. Angenijuaje?

"Nastaafu, mwanangu," alisema. "Wananiandalia sherehe ya kuniaga. Nataka wakunga wangu wasikike ukumbini."

Wakunga wangu. Nilitazama chini.

"Nataka hivi: mimi nitasimama kwenye maikrofoni, niulize swali kwa mdomo wangu mwenyewe, wewe ubonyeze, bibi ajibu. Kama tumekaa naye pale pale. Vijana wa kituoni hawazijui mashine hizi. Utakuja wewe?"

"Nitakuja," nilisema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Mpole kweli. Umelelewa vizuri."

Alipotoka, Mama Mdogo akaja akasimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni. "Mteja ni mfalme," alisema. "Lakini hata wafalme hupinduliwa."

"Mama Mdogo!"

"Nini? Nimetaja jina la mtu?"

Nilianza na kazi aliyoiomba, kwa uaminifu. Nilizifuta vumbi diski zake taratibu, kwa mikono ileile iliyotamani kuzivunja. Zote alikuwa amezifunga kwa kile kitelezo cha pembeni kinachozuia mtu kurekodi juu yake. Alizitunza kama mboni ya jicho. Nilipoipiga ya kwanza, bibi alijibu, akanyamaza kidogo, akajibu tena, jibu juu ya jibu, bila kuulizwa. Kila penye mruko, mahali pa mtu palikuwa tupu. Halafu nikaangalia kioo cha mashine. Kilisema diski ina nafasi nyingi bado. Lakini bibi alikatika katikati ya neno, kama anavyokatika mtu diski inapojaa.

Hapo nikajua amefanya nini, na ni kipi alikuwa hakijui.

Alizihariri ndani ya mashine yenyewe. Alizigawa vipande, akabonyeza kufuta kila kipande chenye sauti ya Mama. Ila mashine hizi hazifuti sauti. Kila diski ina ukurasa wake wa yaliyomo, kama kitabu, na ukifuta kipande, mashine inafuta mstari wake kwenye ukurasa huo tu. Sura yenyewe inabaki palepale, haina jina, inasubiri mtu aje arekodi juu yake. Na mtu hakuja, maana Asali mwenyewe alifunga mlango kwa kile kitelezo. Miaka yote hiyo alikuwa akimlinda Mama bila kujua.

Nilimweleza Mama Mdogo. Akavuta kiti.

"Inarudishika?"

"Nikikosea, inapotea yote. Na diski ni mali ya mteja."

"Diski ni yake. Sauti je?"

Kwanza nilihifadhi kwenye kompyuta kila alichotaka, ili nikiharibu asikose kitu. Kisha nikachukua diski yetu na kuijaza ukimya mwanzo hadi mwisho, ili ukurasa wake wa yaliyomo useme jambo moja: humu mna sauti moja ndefu. Ujanja ni kuiambia mashine iubadili kidogo ukurasa huo, halafu, kabla haijauandika, uitoe diski hiyo kwa siri na kuweka ya Asali. Swichi ya mfuniko unaibana kwa kijiti ili mashine isihisi imefunguliwa. Nayo, kwa ujinga wake, itaandika ukurasa wa diski moja juu ya nyingine. Betri ikikata hapo katikati, kwaheri. Nilifanya mazoezi kwa diski zisizo na maana mpaka vidole vikazoea.

Mama Mdogo alifunga mlango mchana kweupe, akazima feni, akasimama dirishani akiwafukuza wateja kwa mkono. Nilitelezesha kile kitelezo, nikabana swichi, nikabadilisha, nikafunga mfuniko, nikabonyeza kusimamisha. Maandishi kwenye kioo yakawaka na kuzima, yakawaka na kuzima, yakatulia.

Nikapiga. Palikuwa na mvumo, jogoo wa mbali, kisha msichana akasema, kwa sauti nyembamba yenye kicheko ndani yake:

"Bibi, uko tayari? Ukichoka niambie, mimi si askari."

Mama Mdogo akafunika mdomo. "Dada yangu," alisema. "Alikuwa hivi. Jamani, alikuwa hivi."

Sikuwahi kumsikia Mama akicheka vile. Nilidhani ningelia, lakini kilichonijia kilikuwa kitu kingine, baridi na kimenyooka kama rula. Nilitaka yule mtu aumie. Nilitaka aumie mbele ya watu, kwa sababu alimuumiza mbele ya watu.

Jioni ile nilimleta Mama dukani, nikamvika vipokea sauti vya masikioni. Alisikiliza bila kuyumba. Alipomaliza aliniambia nirudishe mwanzo, akasikiliza tena.

"Kadi ya mwaliko ilinifikia," alisema hatimaye. "Wamealika wafanyakazi wote wa zamani. Nilikuwa nimeiweka chini ya sufuria."

"Mama, ukisema niache, nitaacha."

Akavua vile vipokea sauti, akavikunja waya vizuri. "Nimesema uache?"

Sherehe ilikuwa mchana, ukumbi una viti vilivyofunikwa vitambaa na spika kubwa kila kona. Mimi niliwekwa pembeni ya jukwaa na kompyuta yangu. Mama aliketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Mama Mdogo, ambaye hakualikwa, aliketi mstari wa pili akijipepea kwa karatasi ya ratiba ya mtu mwingine.

Asali alipanda. Alieleza jinsi alivyokaa mkekani miguuni pa wakunga, jinsi walivyomfungulia mioyo. Watu walimeza kila neno. Kisha akanikonyeza, akainamia maikrofoni:

"Bibi, mtoto wa kwanza uliyempokea, mikono ilitetemeka?"

Nikabonyeza.

"Bibi," ikasema sauti ya msichana kutoka spika zote, "mtoto wa kwanza uliyempokea, mikono ilitetemeka?"

"Mikono? Hata meno, binti yangu!" akajibu mkunga, na wote wawili wakacheka.

Ukumbi nao ulicheka, halafu kicheko kikafifia, watu wakatazamana. Asali alitabasamu, akapangusa paji la uso.

"Mitambo hiyo! Tuendelee. Bibi, wanaume walikuwa wapi wakati huo?"

Angeweza kuacha. Lakini hakuwa na mazoea ya kuacha. Nikabonyeza.

"Bibi, wanaume walikuwa wapi wakati huo?"

"Nje, wapi tena! Na huyo wako uliyekuja naye yuko wapi?"

"Yule mkubwa wangu? Yuko kwenye gari, bibi. Anasema ndani kuna moshi."

"Akae hukohuko! Mambo haya tunaongea wenyewe."

Safari hii hakuna aliyejizuia. Mstari wa wafanyakazi wa zamani ulivunjika kwa kicheko. Mama mmoja alipiga makofi mapajani. "Kumbe moshi ulimshinda!" mtu akapaza sauti nyuma. Mama Mdogo aliacha kujipepea, akageuka kumwangalia dada yake. Mimi pia nilimwangalia. Mama alikuwa ameinua kidevu.

Mshereheshaji alikimbilia maikrofoni akitafuta la kusema, lakini Asali akamwondoa kwa kiganja, akaja mpaka mezani kwangu. Kwa karibu, uso wake ulikuwa wa mzee aliyepoteza ufunguo. Alishika ukingo wa meza, na kusema kweli nilimwonea huruma. Huruma yangu haina adabu, huja bila kuitwa.

"Mwanangu," alinong'ona, "diski zimekuchanganya. Sema umekosea. Nitawaambia wewe ni mgeni wa kazi, na yataisha. Hakuna atakayekulaumu."

Kisha akageukia watu na kucheka kwa ile sauti ya dhahabu. "Binti yetu amechanganya mafaili, jamani! Msimwonee. Mwacheni mwenyewe awaambie."

Akaniwekea maikrofoni mdomoni.

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, na ningerudi kwenye meza yangu ya nyuma, naye angerudi kwenye kiti chake cha heshima, na Mama angerudi nyumbani kwa miguu akiwa dada aliyebeba mkoba. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe kwenye spika.

"Sikuchanganya," nilisema.

Ilitoka ndogo. Nikasogea karibu na maikrofoni, nikasema tena, na safari hii ilifika mlangoni.

"Sikuchanganya. Nimepiga nilichokusudia kupiga. Aliyeuliza maswali yale ni mama yangu, yule pale kiti cha mwisho, na wewe ulimfuta, ukamcheka mbele ya watu. Sikuja kukuaga. Nimekuja ili uaibike kama alivyoaibika yeye."