Mafuta Yaliyosaini Daftari

Saa tatu na robo asubuhi karani wa baraza alikuwa akipanga kalamu mezani mafuta yalipoingia ukumbini. Yalipanda ngazi polepole, meusi, yananuka kama gereji. Yaliukwepa mlango wa kushoto, ambao haufunguki tangu mwaka jana, yakapitia wa kulia. Karani akayasogezea daftari la mahudhurio, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano. Yakaweka dole gumba, yakaenda kuketi mstari wa nyuma.

"Simu zizimwe," alisema mwenyekiti.

Ilikuwa siku ya nne tangu meli ya mafuta ipasuke baharini. Mchanga uliopatikana ulitosha tuta moja tu la kuyazuia mafuta. Je, lijengwe kwenye mlango wa ghuba, ambako dada wa karani na wenzake hufuga kaa, au mbele ya viwanja vya ufukweni? Mwenye viwanja hakutajwa. Kila mtu alimjua, na alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa.

Mwalimu mstaafu alisema ghuba kwanza, watu wanakula kule. Mkandarasi akajibu kwamba wataalamu walishapima. Wataalamu gani? Walikuwa safarini. Karani aliandika yote, lakini jambo moja lilimkera rohoni. Mgeni amejuaje habari ya ule mlango? Hata madiwani wa siku nyingi bado huusukuma.

Akafunua kurasa zilizopita za daftari chini ya meza. Kikao cha faragha, siku kumi kabla ya meli kupasuka: sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya mkandarasi, na chini yake dole gumba jeusi.

Wakati wa mapumziko alimpelekea mwenyekiti ukurasa ule.

"Mheshimiwa, huyu alikuja hapa kabla hajamwagika."

Mwenyekiti akavaa miwani, akatazama kwa makini. "Saa ya kuingia haikuandikwa," alisema. "Kazi yako hiyo, mama."

Karani akampigia dada yake akiwa koridoni.

"Dada, watoe kaa."

"Niwapeleke wapi? Si mnatujengea tuta?"

Karani akautazama mlango wa ukumbi.

"We mdogo wangu, sema basi. Mnalijenga wapi?"

Kengele ikalia, akakata simu.

Kura zilikuwa sita kwa sita. Mwenyekiti hakupiga, alisema ana maslahi, na uadilifu haumruhusu. Ndipo nyuma ukainuka mkono mweusi, ukidondosha matone. Mwalimu mstaafu akapinga. Mwenyekiti akamsomea kanuni: aliyesaini daftari ana kura. Wote wakamgeukia karani, na karani akaiangalia mikono yake mwenyewe.

"Andika," alisema mwenyekiti.

Akaandika: viwanja saba, ghuba sita.

Mafuta yakainuka, yakatokea mlango wa kulia, yakashuka ngazi kuelekea ghubani bila kuuliza njia. Karani akachukua kitambaa, akaanza kufuta kiti. Simu ya dada yake ilikuwa ikiita mkobani.